Makovu ya Magoti: Historia Fupi ya Kujifunza Pikipiki

Mdogo wangu alinunua pikipiki mwezi wa tatu. Jioni ile ile akanitumia picha: amekaa juu yake, kofia ngumu kaitundika kwenye kioo cha pembeni, anacheka mpaka jino la mwisho. Nikampigia kumuuliza amejifunzia wapi.

"Kaka, jamaa mmoja wa kijiweni kanielekeza," akasema. "Nusu saa tu. Klachi, gia, breki, basi. Kesho naingia kazini."

Nusu saa. Sikumgombeza, maana mimi mwenyewe nilifundishwa kwa muda usiozidi huo, kwenye uwanja wa shule ya msingi pale Morogoro, binamu yangu akinikimbilia nyuma huku akipiga kelele, "Achia klachi taratibu!" Miezi minne baadaye nikakutana na kona moja nje ya mji. Niliingia nikiwa na mwendo, nikaona lori linakuja upande wa pili, nikashtuka. Nikafunga mafuta ghafla. Nikakaza mikono kwenye usukani. Nikakanyaga breki ya nyuma mpaka gurudumu likaanza kuteleza. Macho nikayaelekeza mtaroni, na pikipiki ikaenda kule kule macho yalikokuwa. Nilivunjika mtulinga, nikabaki na kovu kwenye goti la kulia ambalo mvua zikikaribia huniambia kabla ya redio.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba kona ile ndiyo iliyoniangusha. Halafu nikasoma kitabu kimoja cha Mmarekani, kilichochapishwa mwaka 1993, nikakuta makosa yangu yote manne yameorodheshwa humo kwa mpangilio, na mtu ambaye sidhani kama aliwahi hata kusikia jina la Morogoro. Nilikaa nacho mapajani nikicheka, kisha nikakasirika kidogo. Kumbe haya mambo yalikuwa yanajulikana! Mbona hakuna aliyeniambia?

Makala haya yametoka kwenye hasira hiyo. Hayamfundishi mtu pikipiki. Yanafuatilia safari ya maarifa yenyewe: yalivyokaa muda mrefu mikononi mwa watu bila maneno, yalivyoanza kuandikwa, nani alilipia, na kwa nini yamechelewa kufika kijiweni kwa mdogo wangu.

Tuanze na baiskeli, maana pikipiki ni mtoto wake. Mwaka 1869 mhandisi wa Scotland, William Rankine, aliandika mfululizo wa makala katika jarida la Uingereza la The Engineer kuhusu jinsi chombo cha magurudumu mawili kinavyosimama bila kuanguka. Humo alieleza jambo linaloonekana kama mzaha: ili baiskeli ikunje kwenda upande mmoja, gurudumu la mbele lazima kwanza ligeuzwe kidogo upande wa pili. Miaka ilipita. Wilbur Wright, ambaye kabla ya kurusha ndege mwaka 1903 alikuwa na duka la baiskeli na mdogo wake Orville huko Dayton, Ohio, alikuwa na mchezo wa kuwauliza waendesha baiskeli swali hili hili: ukitaka kwenda kushoto, unafanya nini? Karibu wote walimjibu kwamba wanageuza usukani kushoto. Alipowabana kwa maswali, baadhi walikubali kwamba kwanza wanaugeuza kulia kidogo, baiskeli inalala kushoto, ndipo wanaufuata. Walikuwa wanafanya jambo hilo kila siku, na hawakujua kwamba wanalifanya.

Pikipiki ni hivyo hivyo, tena zaidi kwa sababu ni nzito. Ukishakuwa kwenye mwendo, sukuma mbele kidogo upande wa kushoto wa usukani: pikipiki italala kushoto na kwenda kushoto. Sukuma wa kulia, itakwenda kulia. Kila anayeendesha anafanya hivyo, pamoja na yule anayekuapia kwamba yeye huinamisha mwili tu. Mkono unajua, ila mdomo haujui. Na ubaya wa maarifa yanayokaa mkononi peke yake ni kwamba siku ya hofu mkono husahau.

Wapenzi wa vitabu wanamfahamu T. E. Lawrence kwa Seven Pillars of Wisdom, kitabu chake cha vita vya jangwani. Wachache wanajua kwamba baada ya vita mtu huyu aliyekimbia umaarufu, akajificha jeshini kama askari wa cheo cha chini, alipenda pikipiki kuliko karibu kitu kingine chochote. Alimiliki moja baada ya nyingine za aina ya Brough Superior, zilizotengenezwa Nottingham na George Brough, pikipiki ghali za wakati wake. Ya mwisho ilikuwa SS100, ambayo jina lake lilibeba ahadi ya kiwanda: kila moja ingefika maili 100 kwa saa, yaani kama kilomita 160, kwenye barabara za Uingereza za miaka ile. Katika The Mint, kitabu kilichotolewa kwa umma mwaka 1955, miaka 20 baada ya kifo chake, kuna sura anashindana na ndege akiwa juu ya pikipiki yake. Ni kurasa tamu. Lakini zisome kama mwanafunzi wa pikipiki uone: utatoka na furaha ya mwendo, hutatoka na namna ya kuupunguza. Ufundi wake ulibaki mwilini mwake.

Tarehe 13 Mei 1935 alikuwa anarudi nyumbani kwake Clouds Hill, Dorset. Barabara ile ilikuwa na bonde dogo, na kwenye bonde kulikuwa na wavulana wawili juu ya baiskeli ambao hakuwaona mpaka alipowafikia. Akawakwepa, akarushwa. Kichwani hakuwa na kitu. Akafa siku sita baadaye, akiwa na miaka 46.

Mmoja wa madaktari walioitwa kumhudumia alikuwa Hugh Cairns, mzaliwa wa Australia, daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo. Kifo kile hakikumtoka akilini. Vita vya pili vilipoanza na askari wapeleka barua wakawa wanakufa kwa pikipiki barabarani, Cairns akaanza kuhesabu. Mwaka 1941 alichapisha makala katika British Medical Journal akionyesha kwamba katika miezi 21 ya kwanza ya vita waendeshaji na abiria wao 2,279 walikuwa wameuawa kwenye ajali za barabarani. Katika majeruhi aliowaona alipata saba tu waliokuwa wamevaa kofia ngumu, na wote saba walipona. Kabla mwaka ule haujaisha jeshi likawaamuru askari wake wa pikipiki wavae kofia. Raia wa Uingereza wakasubiri sheria yao mpaka mwaka 1973.

Hesabu mwenyewe: mtu mmoja kafa 1935, makala 1941, sheria 1973. Miaka 38 kutoka barabara ya Dorset hadi kichwa cha kila mwendeshaji. Nikiikumbuka ile kofia ya mdogo wangu iliyoning'inia kwenye kioo, naona safari ile bado haijaisha.

Lakini kofia husaidia ukishaanguka. Je, namna ya kutoanguka?

Hapo historia inatupeleka kwa polisi. Miaka hiyo hiyo ya 1930 polisi wa London walikuwa na aibu yao: madereva wao wenyewe walikuwa wanagonga kupita kiasi. Wakafungua chuo cha udereva Hendon, na katika kutengeneza mafunzo wakamtafuta Earl wa Cottenham, aliyewahi kushindana kwenye mbio za magari. Angalia jambo hilo: ili kupunguza ajali za barabarani walimwita mtu wa mbio. Alichowaletea hakikuwa mwendo kasi, ni utaratibu. Kabla ya kila kona, kila njia panda, kila basi lililosimama, dereva afuate hatua zile zile kwa mpangilio ule ule: akusanye habari kwa macho, achague mahali pa kukaa barabarani, aweke mwendo unaofaa, achague gia, ndipo aongeze mafuta. Mwaka 1955 mafunzo hayo yakatolewa kwa umma kama kitabu, Roadcraft, na baadaye kukawa na toleo la pikipiki.

Kitabu hicho kina jambo moja ambalo, kama ningelipata siku ile, huenda mtulinga wangu ungekuwa mzima. Ukiikaribia kona, tafuta ile sehemu ya mbali kabisa ambapo kingo mbili za barabara zinaonekana kukutana. Kama sehemu hiyo inakujia, kona inazidi kubana, punguza. Kama inakukimbia, kona inafunguka, unaweza kuongeza. Na wakati wote mwendo wako uwe ule unaokuwezesha kusimama, upande wako wa barabara, ndani ya umbali unaouona uko wazi. Basi. Hakuna hesabu, hakuna misuli. Ni macho tu na subira.

Wakati polisi wakiandika, watu wa mbio walikuwa na elimu yao nyingine, bado ya mwilini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mfini mmoja, Jarno Saarinen, aliyekulia kwenye mashindano ya juu ya barafu, alikuwa akitoa mwili pembeni ya kiti na kutanguliza goti kwenye kona. Alikuwa bingwa wa dunia wa daraja la 250 mwaka 1972. Akafa Monza, Mei 1973. Kenny Roberts, kijana wa California aliyelelewa na mbio za vumbi, akaubeba mtindo ule akaukuza, na mwaka 1978 akawa Mmarekani wa kwanza kuchukua ubingwa wa dunia wa daraja la 500. Baada yake kila kijana duniani alitaka kugusisha goti lami. Wengi waliiga picha bila kujua sababu. Sababu ni kwamba mwili ukitoka upande wa ndani ya kona, pikipiki hailazimiki kulala sana kwa mwendo ule ule, kwa hiyo tairi inabaki na akiba. Goti lenyewe ni kipimo cha kulala, kama fimbo ya kipofu. Lakini picha haisemi "akiba". Picha inasema "shujaa".

Kisha ikatokea kazi moja kavu, isiyo na shujaa hata mmoja, ambayo kwangu ndiyo kitabu kikuu katika historia hii yote. Profesa Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California na wenzake walikwenda wenyewe kwenye ajali 900 za pikipiki katika eneo la Los Angeles: wakapima alama za matairi, wakakagua vyuma, wakahoji watu. Wakasoma pia ripoti 3,600 za polisi. Matokeo yakatoka mwaka 1981.

Nilitarajia kukuta hadithi za watu waliopaa. Badala yake nilikuta ajali za kila siku: mwendo wa kati kabla ya tukio ulikuwa chini ya maili 30 kwa saa, kama kilomita 48. Pale ambapo kulikuwa na chombo kingine, theluthi mbili ya makosa yalikuwa ya mwenye gari aliyeingia njia isiyo zamu yake, hasa gari linalokunja mbele ya pikipiki inayokuja. Kule wanaendesha kulia, kwa hiyo hukunja kushoto. Kwetu ni lile linalokunja kulia. Muda wa kufanya lolote kabla ya kugongana haukufika sekunde 2. Na katika sekunde hizo waendeshaji walifanya nini? Walikanyaga breki ya nyuma kupita kiasi wakateleza, wakaiogopa ya mbele, na wakashindwa kusukuma usukani ili wakwepe. Lile jambo la Rankine na Wright, zaidi ya miaka 100 baadaye, bado lilikuwa linaua watu kwa sababu lilikaa mkononi bila jina.

Na namba moja ambayo siisahau: asilimia 92 ya waliopata ajali walijifunza wenyewe, au walifundishwa na ndugu na marafiki. Niliposoma hapo nikamwona binamu yangu anakimbia nyuma yangu uwanjani.

Wakati Hurt anahesabu ajali, Mkalifornia mwingine alikuwa anauliza kwa nini mikono hufanya hivyo. Keith Code alianzisha mwaka 1980 shule ya pikipiki kwenye viwanja vya mbio, California Superbike School, na mwaka 1983 akatoa kitabu, A Twist of the Wrist. Watu wengi wakisikia "kitabu cha pikipiki" humkumbuka Robert Pirsig na Zen and the Art of Motorcycle Maintenance ya mwaka 1974. Ni kitabu kikubwa, ila Pirsig anakufundisha kufikiri na kuitunza mashine; hakufundishi kona. Code hana uzuri wa sentensi. Anaandika kama fundi anayekueleza injini huku mikono ina grisi. Lakini ana wazo moja la mwandishi kamili: anasema umakini wa mtu ni kama pesa mfukoni, dola 10 tu. Anayeanza anatumia dola 5 kwenye klachi na gia, nyingine kwenye hofu, na barabara yenyewe inabaki na chenji. Kila kitu unachokijua vizuri kinakurudishia pesa, na pesa hiyo unakwenda kuitumia kuangalia mbele. Mdogo wangu, kwa nusu saa yake, ametoka nyumbani na deni.

Kitabu cha pili cha Code, cha mwaka 1993, ndicho kile nilichokisoma nikicheka. Hapo anaorodhesha yale ambayo mwili hufanya wenyewe unapoogopa: kufunga mafuta, kukaza mikono, macho kubana na kuhangaika, macho kuganda mahali pamoja, pikipiki kufuata pale macho yalipoganda, usukani kufa mkononi, na kukosea breki. Haya si ujinga. Ni mwili unaojaribu kujiokoa kwa njia ulizozijua kabla pikipiki haijatengenezwa. Ukijikwaa kwa miguu, kukaza mwili na kuangalia unapoangukia kunaweza kukusaidia. Juu ya magurudumu mawili yanakuua. Ukifunga mafuta ghafla katikati ya kona, uzito unakimbilia mbele na pikipiki inataka kutanuka nje. Ukikaza mikono, usukani haufanyi kazi. Kwa hiyo kujifunza pikipiki, ukiondoa klachi na gia, ni kujifunza kutoutii woga wako kwa sekunde mbili.

Code alikuwa na mbinu moja ya kufundishia ninayoipenda. Alichukua pikipiki akaifunga usukani wa pili usiogeuka, umeshikizwa kwenye fremu, nao una mkono wake wa mafuta. Mwanafunzi anayeamini kwamba pikipiki hukunja kwa kuinamisha mwili anaambiwa ashike usukani ule, aende mwendo wa kawaida, ajaribu kuikunja. Anainama, anajipinda, anasukuma kwa magoti. Pikipiki inayumba kidogo na kuendelea mbele. Hakuna mhadhara unaoshinda hapo. Swali la Wilbur Wright lilikuwa limegeuzwa chuma.

Na hapa ndipo ulipo umuhimu wa uwanja wa mbio kwa mtu asiye na haja ya kushindana. Kuanzia shule kama ya Code na ile ya Reg Pridmore, Mwingereza aliyechukua ubingwa wa Superbike wa Marekani mara tatu mfululizo, 1976 hadi 1978, ukakua utamaduni wa siku za wazi: uwanja unakodishwa, watu wa kawaida wanakuja na pikipiki zao za barabarani, wanagawanywa makundi kwa uzoefu, wanapewa masharti ya namna ya kupita mwenzako, na hakuna zawadi ya kushinda. Uingereza zilienea sana miaka ya 1990. Ukiambiwa "uwanja wa mbio" unafikiria kasi. Lakini fikiria kinachokosekana pale: hakuna lori la kukujia, hakuna mbuzi, hakuna mtoto wa shule, hakuna mtaro. Kona ni ile ile mara 50. Ukikosea unakosea kwenye nyasi. Shule ya Code hata ina zoezi la kuzunguka kwa gia moja bila kutumia breki, ili mtu alazimike kuuona mwendo wake mapema, kwa macho, badala ya kuurekebisha kwa woga dakika ya mwisho. Uwanja ni mahali pa kukosea kwa bei nafuu. Barabarani kosa lile lile linauzwa ghali.

Hatari yake ni mtu kurudi nyumbani akaigeuza barabara kuwa uwanja. Mwandishi Nick Ienatsch aliliona hilo. Novemba 1991, katika jarida la Motorcyclist, alitoa makala iitwayo "The Pace", iliyosomwa na kubishaniwa kwa miaka mingi. Hoja yake ni nyepesi: barabarani, acha kushindana kwenye nyoofu. Punguza kabla ya kona, ingia taratibu, kaa ndani ya njia yako bila kugusa mstari wa kati, na raha yako itoke kwenye usafi wa kona na siyo kwenye namba ya spidi. Ujuzi wa uwanjani, barabarani unabaki kuwa akiba usiyoitumia mpaka siku mbaya. Ni kama mtu anayejua kuogelea: hajifunzi ili aishi mtoni.

Wala akiba hiyo si hirizi. Wayne Rainey, mwanafunzi wa Code, alikuwa bingwa wa dunia wa daraja la 500 mwaka 1990, 1991 na 1992. Septemba 1993 pale Misano, Italia, akiongoza mbio, alianguka, uti wa mgongo ukavunjika, na hakutembea tena. Mwaka ule ule mwalimu wake alitoa kile kitabu cha pili. Nikiviweka viwili hivyo pamoja napata adabu. Maarifa hupunguza deni, hayalifuti.

Sasa turudi kwetu. Neno bodaboda, kama inavyosimuliwa, lilizaliwa Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, miaka ya 1960, vijana wa baiskeli wakiwaita wasafiri wanaotaka kuvushwa kutoka boda moja hadi nyingine. Pikipiki za bei nafuu kutoka India na China zilipoingia kwa wingi miaka ya 2000, kazi ikaenea kila kijiji, na kwa vijana wengi ikawa ajira ya kwanza. Ualimu haukuenea nayo. Ile asilimia 92 ya Los Angeles, huku kwetu sioni itakuwaje ndogo.

Lakini nisiwaonee vijiwe. Nimekaa navyo, na nakwambia pale kuna elimu ambayo haimo kwa Code wala kwa polisi wa Hendon. Dereva wa bodaboda wa miaka mitano anasoma tairi la mbele la daladala na kujua linataka kuchomoka kabla konda hajapiga bati. Anajua mchanga uliomwagika kwenye lami baada ya mvua unakaa wapi kwenye kona. Anajua uzito wa mama mwenye mtoto na gunia unavyobadilisha breki. Hata ule usemi wa kijiweni kwamba "breki ya mbele inapindua" una chanzo chake: kwenye vumbi na matope, ukiifinya ghafla, kweli gurudumu la mbele linakukimbia. Shida ni kwamba usemi huo ulihamia kwenye lami bila kubadilishwa, na kwenye lami kavu breki ya mbele ndiyo inayofanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimama. Mtu anaikwepa miaka yote, halafu siku ya sekunde mbili hana mkono uliozoea.

Elimu hii ya vijiweni inasubiri mwandishi wake. Tunazo riwaya, tunao utenzi wa kila jambo, lakini kitabu cha Kiswahili cha namna ya kupita kona ukiwa na abiria na mkungu wa ndizi, mimi bado sijakishika mkononi. Wale Waingereza na Wamarekani hawakuwa na akili kutuzidi. Walikuwa na watu waliokaa chini wakaandika kile mkono unachokijua, kisha wengine wakakisahihisha.

Jumamosi moja nilikwenda kwa mdogo wangu. Hana uwanja wa mbio. Ana uwanja wa mpira, na nje ya geti lake kipande cha lami kisicho na magari asubuhi. Tukapanga matofali manne. Nikamwambia aje kwa mwendo wa kilomita 30, akifika tofali la kwanza aifinye breki ya mbele, asiikwapue, kama anayekamua chungwa, huku ya nyuma akiigusa tu. Mara ya kwanza alipita matofali yote. Mara ya kumi alisimama kwenye la pili. Kisha nikamfundisha kusukuma usukani.

"Kaka, mbona inaenda nilikosukuma?" akauliza, macho yamemtoka.

"Ndivyo ulivyokuwa unafanya siku zote."

Akakataa. Akarudia mara tatu, akanyamaza. Mara ya nne, wakati wa kugeuza polepole, aliganda macho kwenye tofali, na tofali likamwita. Akalala nalo chini taratibu, kofia kichwani safari hii, akachunika goti. Nikamsaidia kuinyanyua pikipiki. Alipangusa damu kwa mgongo wa mkono, akanicheka mimi niliyeshtuka kuliko yeye, akaomba kurudia.

Wiki mbili baadaye akanitumia picha nyingine. Vijana watano wa kijiwe chake wako kwenye kile kipande cha lami, saa kumi na mbili asubuhi, na matofali manne chini. Chini ya picha ameandika: "Kaka, wanataka kujua haya yameandikwa wapi."